Ushindi Uliotangazwa Watu Wameshaondoka

Tarehe 1 Desemba 1963, mjini Jacksonville, jimbo la Florida kule Marekani, dereva mmoja alishinda mbio za magari na mwingine akapewa kombe. Aliyeshinda aliitwa Wendell Scott, mtu mweusi. Aliyepewa kombe aliitwa Buck Baker, mzungu. Saa chache baadaye, watazamaji walipokwisha kwenda makwao, wenye mbio wakakubali kwamba Scott ndiye mshindi. Jina lake likaingia kwenye kumbukumbu, na pesa ya mshindi akapata. Kombe hakuliona.

Sasa swali. Mtu huyu alitendewa haki au hakutendewa? Wako watakaosema alitendewa, maana kosa lilisahihishwa, tena siku hiyo hiyo. Wako watakaosema hakutendewa, lakini ukiwauliza kilichobaki ni nini hasa, zaidi ya kikombe cha bati, wanababaika. Nataka tulifikirie swali hili polepole. Hapa kambini hatuna gari la mbio hata moja, lakini swali lenyewe tunaishi nalo.

Kwanza tumjue mtu.

Wendell Scott alizaliwa tarehe 29 Agosti 1921 mjini Danville, jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari wa familia za wazungu wenye uwezo, na mtoto alijifunza ufundi kwa baba. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja akawa askari wa Marekani huko Ulaya, katika jeshi ambalo siku hizo liliwatenga weusi na weupe. Akarudi nyumbani, akafungua gereji. Gereji peke yake haikutosha kulisha familia, basi usiku akawa anasafirisha pombe ya magendo, ile pombe kali ya kienyeji ambayo huku tungeiita gongo au chang'aa. Kazi hiyo ilitaka vitu viwili: gari lenye mbio kuliko la polisi, na dereva anayejua kona za barabara ya vumbi hata gizani. Scott alikuwa na vyote viwili. Walimkamata mara moja tu, na mahakama ikamwacha nje chini ya uangalizi.

Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za hapo Danville walianza kutafuta dereva mweusi. Usidhani ni upendo. Walitaka kuongeza watazamaji, wakaona mweusi mmoja kati ya wazungu atavuta watu kulipa kiingilio. Wakaenda kuuliza polisi: mweusi gani hapa mjini anaendesha gari kuliko wote? Polisi wakamtaja Scott. Waliokuwa wakimfukuza usiku ndio waliomtolea ushahidi mchana. Mwezi Mei mwaka huo akaingia uwanjani kwa mara ya kwanza.

Chama kikubwa cha mbio hizo ni NASCAR, kilichoanzishwa mwaka 1948. Scott alipokwenda kuomba kushiriki alirudishwa mlangoni, na si mara moja. Aliambiwa wazi kwamba weusi hawaruhusiwi. Mwaka 1953, mjini Richmond, ofisa mmoja wa ngazi ya chini akakubali kumpa leseni. Ilimchukua miaka mingine minane kupanda hadi daraja la juu, lililoitwa Grand National, mwaka 1961.

Anayejua Safari Rally ya Kenya asichanganye mambo. Kule gari linapita njia ndefu likishindana na saa. Hizi za Scott ni mbio za kuzunguka: magari yote yako uwanjani pamoja, yanapangwa mistari, yanaachiwa, na anayemaliza mizunguko iliyotajwa kabla ya wengine ndiye mshindi. Magari yenyewe yalikuwa ya kawaida, yale yanayouzwa dukani kwa mtu yeyote, halafu yakaimarishwa. Na viwanja vingi vya wakati huo vilikuwa vya udongo mtupu.

Udongo una tabia yake. Kabla ya mbio wanaumwagia maji ili ushikane. Magari yakianza kuzunguka unakauka, unachimbika, mashimo yanatokea pale ambapo dakika kumi zilizopita hayakuwepo, vumbi linafunika kioo cha mbele. Kwenye kona dereva anaacha mkia wa gari uteleze kwenda nje, usukani ameuzungusha upande wa pili, na mguu unacheza na mafuta. Akizidisha kidogo anajikuta anatazama alikotoka. Kwenye uwanja wa namna hii pesa haikusaidii kama inavyosaidia kwenye lami. Mkono wa dereva una thamani yake, na macho, na ile akili ya fundi ya kusikia gari linalalamika wapi.

Hiyo ilikuwa bahati ya Scott, maana pesa hakuwa nayo. Alinunua magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine, akafunga spea kuukuu, akalala chini ya gari mwenyewe. Wasaidizi wake walikuwa wanawe. Kwenye bodi ya gari, mahali ambapo timu nyingine ziliandika jina la fundi wao, yeye aliandika kwamba fundi ni mimi.

Basi tufike Jacksonville. Uwanja ulikuwa wa udongo, mzunguko mmoja nusu maili, yaani kama mita 800. Mizunguko 200, jumla kilomita 160. Scott alianza katika nafasi ya 15, na Chevrolet ya mwaka 1962 aliyoinunua kwa dereva mwenzake, Ned Jarrett. Mizunguko 25 ilipobaki akampita Richard Petty, kijana ambaye baadaye angeshinda mbio 200 na kuitwa mfalme wa mchezo huo. Gari la Petty lilikuwa limepata hitilafu, lakini kupita ni kupita. Scott akawa mbele. Akamaliza mizunguko 200, akasubiri kuona bendera ile ya miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti. Bendera haikushushwa. Akaendelea kuzunguka. Bendera ilishushwa Baker alipofika, na Baker alikuwa nyuma ya Scott kwa mizunguko miwili mizima.

Siku hizo mizunguko ilihesabiwa kwa mkono. Kila gari lilikuwa na mtu wa kuandika kwenye kadi kila linapopita. Kadi zinaweza kukosewa, na wenye mbio walisema hivyo: ni kosa la hesabu. Scott mwenyewe, familia yake na wengi wengine waliamini jambo lingine. Kulikuwa na desturi kwamba mshindi anapokelewa jukwaani na binti mrembo, naye anambusu mbele ya watu wote. Binti alikuwa mzungu. Mwaka 1963 huko Kusini mwa Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ilikuwa bado haijapitishwa. Ilikuja Julai 1964. Mtu mweusi aliweza kuuawa kwa pungufu ya busu.

Wengi wakisimulia habari hii wanaishia hapo: wabaguzi wale, basi. Lakini mimi naona swali zito linabaki hata tukiwapa wenye mbio kila wanachoomba. Tuseme kweli lilikuwa kosa la kalamu, mtu amechoka, vumbi jingi, akaruka mistari miwili. Na tuseme waliligundua kosa kwa nia njema. Walipogundua, walikuwa na deni gani?

Wao walijibu kwa vitendo: deni letu ni rekodi na pesa. Vikishakaa sawa, tumemalizana.

Nadhani jibu hilo linakosea. Kushinda hakuishii kwenye kitendo na malipo. Kuna kitendo: Scott alizunguka mara 200 kabla ya wengine, na hilo hakuna wa kulifuta, hata kadi zote zingechomwa. Kuna malipo: dola 1,000, akazipata. Halafu kuna ile saa yenyewe, saa ya kusimama juu na watu kukuona, watu wale wale waliolipa kiingilio, waliokuzomea raundi ya kwanza na kunyamaza raundi ya mia. Saa hiyo hairudishwi kwa bahasha. Na haikuwa ya Scott peke yake. Watazamaji walikwenda nyumbani na uongo. Walilala wakijua kwamba mweusi yule alijitahidi lakini Baker alimshinda. Pengine kuna waliozeeka na uongo huo, wakawasimulia wajukuu. Ukweli ulibaki ofisini na rekodi. Uongo ulipanda magari ukaenda kila kijiji.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Kosa lililofanywa mbele ya watu lina deni mbele ya watu. Ukinitukana sokoni, usije kuniomba radhi uchochoroni halafu ukasema tumepatana. Uchochoroni hapakuwa na mtu aliyesikia tusi, kwa hiyo radhi yako imekwenda mahali ambapo jeraha halipo.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, na sisi wakazi, tuchukue mfano wa kwetu. Mama yuko kwenye foleni ya mgao. Anaweka kidole kwenye mashine, mashine inakataa. Anaweka tena, inakataa. Anaambiwa atoke pembeni. Foleni nzima inamtazama. Nyuma yake mtu anasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, eti huyu ana kadi mbili. Wiki inayofuata anaitwa ofisini, wanaangalia, kumbe taarifa zake ziliingizwa vibaya. Wanarekebisha, wanampa chakula chake chote alichokosa, hata gramu moja haikupungua. Faili limefungwa. Lakini akirudi mtaani, kwa majirani bado ni yule mwenye kadi mbili. Akienda kukopa chumvi anaiona kwenye macho ya mwenzake. Ofisi ikiulizwa itasema kwa moyo safi kabisa: tulirekebisha. Na ni kweli walirekebisha. Walirekebisha karatasi.

Najua pingamizi zitakazokuja, na si za kudharau.

Ya kwanza inasema: mwenye akili anatosheka na kujua kwamba alishinda, heshima ya watu ni upepo. Kuna ukweli ndani yake. Mtu anayeishi kwa makofi atakufa makofi yakiisha. Lakini angalia ni nani anayelisema neno hili. Aliyepewa kombe akisema kombe si kitu, huo ni unyenyekevu. Aliyelinyima akisema kombe si kitu, huo ni ujanja. Kama kweli si kitu, kwa nini lilikuwa zito kumpa?

Ya pili ni ngumu zaidi. Ni ya usalama. Mtu anaweza kusema: labda mkuu wa mbio siku ile aliitazama ile halaiki, akaona kwamba akimtangaza mweusi na yule binti akapanda jukwaani, damu itamwagika. Akachelewesha tangazo ili kumwokoa Scott. Sisi tunaijua hoja hii. Tumeisikia: tusimtaje jina, atapigwa, tusiitangaze kesi, itawasha moto kati ya jamii mbili. Na mara nyingine ni kweli kabisa. Mimi siwezi kumlaumu mtu anayeficha jina ili kuokoa roho.

Ila hoja ya usalama ina masharti yake. Hatari ilitoka kwa nani? Kwa watazamaji. Gharama ililipwa na nani? Na Scott. Ukimlinda mtu kwa kuchukua kilicho chake, lazima umuulize kwanza, maana yeye ndiye atakayelipa. Pengine angesema sawa, nipeni kombe gizani, nina watoto wa kulea. Pengine angesema nitapanda jukwaani na liwalo na liwe. Hakuna ushahidi kwamba mtu alimuuliza. Na hatari ikipita, kinachofichwa kwa usalama kinatakiwa kutolewa. Watu walipokwisha kwenda nyumbani hatari ilikuwa imepungua. Mwaka uliofuata sheria ilibadilika. Kombe bado halikuja. Kilichoanza kama tahadhari, kama kweli kilikuwa tahadhari, kilikwisha kuwa wizi.

Pingamizi ya tatu ni ile methali yetu wenyewe: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naipenda methali hii, imewapatanisha ndugu wengi. Lakini isome vizuri. Inasema yaliyopita si ndwele. Je, yakiwa bado yanauma? Jeraha lenye usaha halijapita, hata kama kisu kilipita zamani. Na neno hili lina utamu tofauti kinywani mwa aliyeumia na kinywani mwa aliyeumiza. Aliyeumia akilisema, anasamehe. Aliyeumiza akilisema kabla ya kuombwa, anajisamehe mwenyewe kwa pesa ya mwenzake.

Kuna habari nyingine ya Scott inayonisaidia kuona jambo hili. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1954 mwandaaji mmoja wa mbio mjini Raleigh aliwapa madereva wazungu pesa ya mafuta na kumnyima yeye. Siku ya pili yake akamkuta Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, akamweleza. France akatia mkono mfukoni mwake, akampa pesa, akamhakikishia kwamba chama hakitambagua. Scott alilipokea jambo hilo kwa shukrani, na mimi sitaki kulichafua. Tajiri mkubwa kusimama na kumsikiliza fundi mweusi, mwaka 1954, si kitu kidogo. Lakini tazama njia iliyotumika. Pesa ilitoka mfukoni, haikutoka kwa yule aliyemnyima. Ahadi ilitolewa mtu kwa mtu. Waliomwona Scott akinyimwa hawakumwona akilipwa. Miaka tisa baadaye, Jacksonville, ahadi ilipotakiwa kufanya kazi haikuwepo mahali ambapo mtu angeweza kuisoma. Hisani ni nzuri, lakini hisani inakaa mfukoni mwa mtu, na mtu anaweza asiwepo siku unayomhitaji. Kanuni inabandikwa ukutani.

Sasa nigeukie kwa Scott mwenyewe, maana mpaka hapa nimemzungumza kama mtu aliyetendwa tu, na hilo nalo ni kumkosea.

Baada ya Jacksonville hakuacha. Aliendelea kushindana kwa karibu miaka kumi. Mwaka 1966 alimaliza msimu wa sita kwa pointi kati ya madereva wote wa daraja la juu, na gari lake lile lile la spea kuukuu. Viwanja vya udongo vilikuwa vinakwisha. Mbio za mwisho za daraja hilo kwenye udongo zilifanyika Raleigh mwaka 1970, halafu ikapita miaka 50 kabla hawajarudi kwenye udongo tena. Kwenye lami ndefu mwenye injini ghali ndiye mwenye neno, na Scott hakuwa na injini ghali. Mwaka 1973 alinunua gari zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo, akaenda nalo Talladega, akaingia katika ajali ya magari mengi, akaumia vibaya. Alirudi uwanjani mara moja tena mwaka huo, basi. Jumla: mbio 495, kumi bora mara 147, ushindi mmoja. Ushindi mmoja huo ndio huu tunaouzungumza.

Alikufa tarehe 23 Desemba 1990. Kombe halijafika.

Watu wakisikia hesabu hiyo wanasema: ona uvumilivu! Mvumilivu hula mbivu! Hapo nawaomba tuwe waangalifu. Kwanza, hakula mbivu. Alikufa. Methali inasema kweli siku nyingine, lakini si kwake. Pili, sifa ya uvumilivu ni tamu, na utamu wake unaweza kumpumbaza msifiaji. Tukimsifu sana aliyevumilia, tunasahau kumuuliza aliyemvumilisha. Sisi wakimbizi tumesifiwa uvumilivu mpaka masikio yamejaa. Wageni wanakuja, wanatazama, wanasema ninyi ni watu wenye subira ya ajabu. Asante. Lakini subira yangu ni mali yangu. Haiwezi kutumika kulipa deni lako.

Hata hivyo kuna upande mwingine wa sarafu hii, na bila huo makala hii ingekuwa malalamiko matupu. Scott hakuifanya kazi yake ingojee kombe. Angeweza kusema: mpaka mnipe kilicho changu siwashi gari. Angekuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mtu akifanya hivyo, anamkabidhi mdaiwa funguo za maisha yake. Yule aliyekunyima kombe sasa anakunyima na kesho, tena bila kunyanyua kidole. Scott aliendelea kudai, na aliendelea kuendesha. Havikupingana. Nadhani wengi wetu tunadhani lazima tuchague: ama usahau ndipo uishi, ama ukumbuke na usimame pale pale kwenye foleni mpaka haki ije. Maisha yake yanaonyesha kwamba mtu anaweza kukumbuka huku mikono inafanya kazi.

Na kombe? Mwaka 2010, miaka 47 baada ya mbio, watu wa Jacksonville wanaotunza historia ya mchezo huo waliipa familia yake nakala ya kombe. Mwaka 2015 jina lake likaingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa NASCAR, mweusi wa kwanza. Na tarehe 28 Agosti 2021, siku moja kabla ya kutimia miaka 100 tangu azaliwe, NASCAR yenyewe iliikabidhi familia kombe kwenye uwanja wa Daytona, kabla ya mbio, mbele ya watazamaji. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, Bubba Wallace akashinda Talladega, uwanja ule ule uliomvunja Scott. Alikuwa mweusi wa pili kushinda katika daraja la juu. Kati ya wa kwanza na wa pili ilipita karibu miaka 58.

Kombe la 2021 lilikuwa na faida gani? Mwenyewe hayupo. Watazamaji wa 1963 wengi hawapo. Ukipima kwa mizani ya aliyeumia, deni halikulipwa, na halitalipwa kamwe. Aliyetakiwa kulipokea amekufa. Hili lisemwe wazi, tusijidanganye kwa picha nzuri za familia iliyoshika kombe. Lakini kitu kimoja kilifanyika sawasawa kwa mara ya kwanza: kilifanyika mahali panapostahili. Uwanjani, kipaza sauti kimewashwa, watu wameketi. Waliokosea hadharani walisimama hadharani. Watoto waliokuwa pale siku ile walikwenda nyumbani na ukweli, kama watazamaji wale wa kwanza walivyokwenda nyumbani na uongo. Haki kwa Scott ilikuwa imeshapitwa na wakati. Ukweli kwa walio hai ulikuwa haujapitwa.

Basi somo ninalolichukua si kwamba haki itakuja tu, subirini. Hilo lingekuwa neno baya kumwambia mtu mwenye miaka 42 aliyesimama na vumbi usoni akitazama kombe la kwake likiondoka. Somo ni dogo na la kufanyika kesho asubuhi. Mwenye ofisi, ukigundua kwamba uliyemtoa kwenye foleni alikuwa sahihi, usiishie kwenye faili. Rudi kwenye ile foleni. Mwombe kwanza ruhusa yake, maana jina ni lake, halafu waambie waliokuwepo: jana tulimtoa mama huyu, kosa lilikuwa letu. Inachukua dakika moja. Najua dakika hiyo ni ngumu kuliko kujaza fomu ishirini.

Na sisi wa kwenye foleni, tusijifiche nyuma ya ofisi. Aliyesema eti ana kadi mbili hakuwa ofisa, alikuwa mmoja wetu. Neno lile halimo kwenye kompyuta yoyote, hakuna wa kulifuta ila sisi. Tulilisemea hapo bombani na njiani; hapo hapo ndipo pa kulirudisha.